Rangi Inayogoma Kutoka

Mtazame bibi harusi siku mbili tatu baada ya kupakwa hina. Kiganja kimekolea mpaka kinakaribia weusi, lakini mgongo wa mkono, uliopakwa hina ileile, usiku uleule, na mpakaji yuleyule, umebaki na rangi ya chungwa. Hina haikubagua. Ngozi ya kiganja ni nene, imeinywa rangi na kuing'ang'ania. Ngozi ya juu ni nyembamba, haina pa kuifichia. Ukilielewa hilo umeshaelewa nusu ya kazi inayokungoja kwenye sinki la maabara, iwe uko Hospitali ya Mnazi Mmoja, iwe kwenye chumba cha mazoezi cha chuo kule Mbweni, au kwenye kituo cha afya cha shamba chenye hadubini moja tu.

Bakteria hana rangi yake. Ukimtia kwenye tone la maji na kumtazama kwa hadubini ya kawaida, unaona kivuli kinachoelea. Wengi wao wana urefu wa mikroni 1 hadi 5, ilhali chembe nyekundu ya damu ina upana wa mikroni 7 hivi. Vitabu husema tunampaka rangi ili aonekane. Ni kweli, lakini maneno hayo yanamfanya mwanafunzi atulize akili yake mahali pasipo penyewe. Mimi hufundisha hivi: tunampaka rangi, kisha tunajaribu kumvua. Tunachokitafuta ni ile sehemu ya mwili wake inayogoma kuiachia rangi. Kwa hiyo karibu katika kila mbinu utakayoisoma hapa, tafuta kwanza ni hatua ipi inayoondoa rangi na kwa kutumia nini. Hapo ndipo macho yako na saa yako vinapotakiwa kuwa. Hatua nyingine nyingi zinavumilia kuchelewa kidogo.

Kwanza smea

Rangi nzuri haiokoi smea mbaya, yaani sampuli iliyotandazwa vibaya kwenye slaidi. Ishike slaidi kwa kingo, ipanguse kwa spiriti, iache ikauke. Tone la maji likitandaa juu yake bila kujikunja, kioo hakina mafuta ya vidole. Namba ya mgonjwa iandikwe kwa penseli kwenye ule upande uliokwaruzwa; ukiandika kwa kalamu ya wino, spiriti itakayoondoa rangi itaondoa na namba.

Kama bakteria wameoteshwa, weka tone dogo la maji ya chumvi ya maabara, gusa koloni kwa ncha ya kitanzi cha waya, halafu tandaza. Gusa tu. Wengi huchota kama wanaochota uji, na smea nzito haina dawa: katikati rangi haitoki, pembeni inatoka yote, na bakteria wa aina moja wanaonekana kama aina mbili. Kwa makohozi, chagua kipande chenye usaha, si mate, ukitandaze eneo la sentimita 2 kwa 1. Ikishakauka, ishike juu ya ukurasa wa gazeti. Herufi zikipotea, smea ni nzito. Zikisomeka kana kwamba hakuna kitu juu yake, ni nyepesi mno.

Iache smea ikauke yenyewe. Hili ni gumu Unguja wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, hewa inapokuwa imelowa na kila kitu kinachelewa kukauka. Usiikimbize motoni. Smea mbichi ikipitishwa kwenye mwali, bakteria huchemka, maumbo yanavurugika, na utakachokiona si alichokuwa nacho mgonjwa. Ikishakauka kabisa, ipitishe juu ya mwali mara mbili tatu, kisha iguse kwa nyuma ya mkono. Ikupashe joto bila kukuchoma. Chupa ya spiriti iwe mbali na mwali huo, na iwe imefungwa: spiriti iliyoachwa wazi hunyonya unyevu wa hewa, nguvu yake ikabadilika, na muda wa kuondoa rangi uliouzoea jana ukawa si wa leo.

Unyevu huohuo huotesha ukungu kwenye lenzi. Hadubini ilale ndani ya sanduku lenye balbu ndogo inayowaka, au lenye silika iliyokaushwa na inayobadilishwa. Na kama maabara yenu bado ina hadubini ya zamani yenye kioo cha kuakisi mwanga wa jua, itunzeni. Unguja ilikaa bila umeme wa gridi karibu mwezi mzima mwaka 2008, na tena miezi mitatu kuanzia Desemba 2009. Mwanga wa dirishani unatosha kusoma slaidi iliyopakwa kwa njia ya Gram, tunayoifikia sasa.

Njia ya Gram, na mahali inapomwangusha mtu

Hans Christian Gram, daktari wa Denmark, alikuwa Berlin mwaka 1884 akitafuta namna ya kuwaona bakteria ndani ya vipande vya mapafu ya watu waliokufa kwa nimonia. Alipaka zambarau, akamwagia iodini, akaosha kwa spiriti, na mwisho akavipitisha vipande vyake kwenye mafuta ya karafuu, ambamo mabaki ya rangi yalimalizikia kutoka. Miaka hiyo sehemu kubwa ya karafuu za dunia ilitoka Unguja na Pemba. Gram mwenyewe aliandika kwamba njia yake ina upungufu, akaitoa hivyohivyo ili wengine waifanyie kazi. Rangi ya pili, nyekundu, hakuiweka yeye. Iliongezwa baadaye na Carl Weigert.

Leo tunafanya hivi. Funika smea kwa kristali vayoleti, ndugu wa dawa ile ya zambarau waliyokuwa wakipakwa watoto mdomoni kwa utando mweupe, kwa sekunde 60. Suuza. Funika kwa iodini sekunde 60. Suuza tena. Sasa inamisha slaidi juu ya sinki, dondosha asetoni au spiriti ya asilimia 95 kutoka juu, na utazame maji yanayotoka upande wa chini. Asetoni hutaka sekunde 2 au 3 tu. Spiriti huchukua 10 hadi 20. Mara tu zambarau inapokoma kutiririka, suuza kwa maji papo hapo. Usihesabu ukiwa unatazama dirishani. Baada ya hapo safranini kwa dakika moja, suuza, simamisha slaidi ikauke.

Kinachotokea ni hiki. Zambarau na iodini huungana ndani ya bakteria na kuwa donge kubwa. Bakteria wa Gram chanya wana ukuta mnene wa peptidoglaikani, kama nanomita 20 hadi 80. Spiriti huukausha, matundu yake yanajifunga, donge linabaki ndani, naye anabaki zambarau. Wa Gram hasi wana ukuta mwembamba mno, na juu yake utando wenye mafuta. Spiriti huuyeyusha utando huo na donge linatoka. Bakteria huyo sasa hana rangi, ndipo safranini inapomfanya awe wa waridi. Hiyo ndiyo tofauti ya kiganja na mgongo wa mkono.

Utajuaje kwamba umeondoa rangi kiasi kinachofaa? Smea ya mgonjwa yenyewe hukuambia, ukijua pa kuuliza. Tafuta chembe nyeupe za damu. Viini vyake vinapaswa kuwa vya waridi au vyekundu. Vikiwa zambarau, hukuondoa rangi ya kutosha, na hata bakteria hasi atakudanganya kuwa ni chanya. Lakini viini vya waridi havithibitishi kwamba hukuzidisha, maana vinapoteza rangi mapema. Kwa hilo unahitaji bakteria unaowajua: kwenye ncha moja ya slaidi paka stafilokoka, kwenye ncha nyingine paka E. coli, uipitishe pamoja na slaidi za wagonjwa. Usipokuwa nao, kwaruza utando wa katikati ya meno yako kwa kijiti safi. Mdomo wa kila mtu una chanya na hasi kwa wingi, pamoja na seli pana za shavu. Leeuwenhoek wa Uholanzi aliwatazama bakteria wa utando wa meno yake mwaka 1683, bila rangi yoyote, na hakuna slaidi ya mazoezi iliyo rahisi kuliko hiyo.

Nalisisitiza hili kwa sababu nilishakosea. Nilipokuwa mgeni kazini nililetewa maji ya uti wa mgongo ya mtoto. Nikaona vidoa viwiliviwili vya waridi, nikaandika Gram hasi, jambo linaloelekeza kwenye meningokoka. Mkubwa wangu aliichukua slaidi, akasema neno moja: umbo. Meningokoka wamekaa kama maharage mawili yanayotazamana tumboni. Hawa walikuwa wamechongoka kama ncha za mkuki, umbo la nimokoka, ambaye ni Gram chanya. Spiriti ilikuwa imekaa juu ya slaidi muda mrefu wakati nikiitikia mlango. Tulirudia kwa smea ya pili, wakatoka zambarau, na majibu yakarekebishwa kabla hayajafika wodini. Tangu siku hiyo napaka smea mbili za kila maji ya uti wa mgongo, moja nikaiweka akiba, na wakati wa kuondoa rangi mlango sijibu.

Jihadhari pia na bakteria waliozeeka. Ukuta wa Gram chanya hulegea wakikaa siku kadhaa kwenye chakula cha kuoteshea, au mgonjwa akiwa ameshaanza viuavijasumu, nao huachia rangi kama hasi. Tumia waliooteshwa saa 18 hadi 24. Wala usipoteze rangi kupaka Gram kinyesi ukitumaini kumtambua kipindupindu. Ni kweli kimelea chake ni Gram hasi aliyepinda kama mkato, lakini kinyesi kimejaa Gram hasi wa kila namna. Huyo hutafutwa kwa kumuotesha.

Makohozi, nta na moto

Bakteria wa kifua kikuu ukuta wake umejaa asidi za mafuta zilizo kama nta. Rangi ya maji humteleza. Robert Koch alipomtangaza tarehe 24 Machi 1882 alimwona kwa njia ngumu iliyochukua saa nyingi. Paul Ehrlich akagundua mwaka huohuo kwamba bakteria huyu akishanywa rangi, hata asidi haimvui. Franz Ziehl akaleta fenoli, Friedrich Neelsen akakamilisha mwaka 1883, na njia inayobeba majina yao ndiyo iliyokuwa mhimili wa kazi Tanzania ilipoanzisha mpango wake wa taifa wa kifua kikuu na ukoma mwaka 1977, kwa ushauri wa mtaalamu wa kifua kikuu Karel Styblo. Mpango ule ulikuja kuigwa na nchi nyingi, na nguvu yake ilikuwa hadubini za wilayani na watu waliojua kuzitumia.

Chuja kaboli fuksini, rangi nyekundu ya njia hii, kabla ya kuimimina, maana chembe za rangi zilizoganda huonekana kama vimelea. Funika slaidi yote, pitisha mwali chini yake mpaka mvuke uanze kupanda, kisha uondoe moto. Isichemke, isikauke. Mvuke ukififia, pasha tena, kwa dakika 5 angalau. Wengi sasa huiacha 10. Joto hulainisha nta na fenoli huisindikiza rangi ndani. Suuza, halafu mwagia spiriti yenye asidi hidrokloriki ya asilimia 3, dakika 3. Hapa hofu ya kuzidisha ni ndogo kuliko kwa Gram, kwa sababu huyu hugoma kweli. Hofu kubwa ni kutomkolesha mwanzoni. Ikiwa smea bado ina wekundu, rudia asidi. Mwisho, bluu ya methilini, dakika moja tu. Ukiizidisha, kiza chake kitavifunika vijiti vyembamba vyekundu unavyovitafuta.

Maji ya kusuuzia yana neno lake. Maji mengi ya Unguja hutoka kwenye miamba ya matumbawe, yana chokaa, na huacha madoa meupe slaidi ikikauka. Zaidi ya hayo, ndani ya mabomba na matangi ya nchi yoyote huishi ndugu wa kifua kikuu wasio na madhara makubwa, nao pia hugoma mbele ya asidi. Kijiti chekundu kilichotoka bombani kinaweza kumwingiza mtu asiyeumwa kwenye miezi sita ya dawa. Tumia maji yaliyotoneshwa, au angalau yaliyochujwa, kutengeneza rangi na kusuuzia, na kila unapofungua chupa mpya ya rangi pitisha slaidi moja unayojua ina vimelea na moja unayojua haina. Slaidi za makohozi hazirudiwi kutumika. Mdomo wa chupa ya mafuta ya lenzi usiguse slaidi, na baada ya slaidi yenye vimelea vingi, futa lenzi.

Kusoma nako ni kazi ya subira. Kwa lenzi ya 100 pita fildi 100, yaani maeneo 100 ya smea yanayoonekana kwenye lenzi, kabla ya kuandika kwamba hakuna. Ukikuta vimelea 1 hadi 9 katika fildi hizo zote, andika idadi yenyewe. Kutoka 10 hadi 99 ni 1+. Ukipata kimelea 1 hadi 10 katika kila fildi, fildi 50 zinatosha, ni 2+. Zaidi ya 10 kwa fildi, soma 20, ni 3+. Kumbuka kwamba lazima mililita moja ya makohozi iwe na vimelea kama 5,000 hadi 10,000 ndipo hadubini iwaone. Ndiyo maana mashine za kupima vinasaba zimechukua nafasi ya kwanza ya utambuzi. Lakini mashine hizo huweza kuonyesha hata vimelea waliokwisha kufa, kwa hiyo mgonjwa aliye kwenye dawa bado hufuatiliwa kwa smea. Ujuzi huu haujastaafu.

Kwa ukoma, ambao Zanzibar haujaisha, maji ya ngozi huchukuliwa kwenye ndewe la sikio na kwenye mabaka. Bakteria wake hugoma kwa nguvu ndogo zaidi, hivyo asidi ipunguzwe mpaka asilimia 1. Ukimpa ile ya kifua kikuu utamfuta, na utamwandikia mgonjwa majibu ya uongo. Ukiwaona, mara nyingi wamefungamana kama vitita vya kuni.

Spora, kapsuli na mikia

Spora ni bakteria aliyejifungia ndani ya ganda ili asubiri shida ipite. Wali uliolala nje usiku kucha unaweza kuwa nazo: Bacillus cereus hustahimili kupikwa kwa njia hiyo, kisha huamka wali ukipoa taratibu. Kwenye Gram spora ni tundu jeupe tu katikati ya mwili. Kwa njia ya Schaeffer na Fulton ya mwaka 1933, funika smea ya bakteria waliokaa siku mbili tatu kwa kijani cha malakaiti, pasha mvuke dakika 5, acha ipoe, kisha suuza. Kiondoa rangi hapa ni maji matupu. Mwili wa kawaida huachia kijani mara moja, spora haiachii hata kidogo. Safranini ikifuata, unapata shanga za kijani ndani ya vijiti vyekundu, na nafasi yake, katikati au kwenye ncha, husaidia kumtambua mwenyewe.

Kapsuli ni ute unaomzunguka bakteria kama nimokoka au klebsiela na kumlinda asimezwe na chembe nyeupe. Ute huu hausikii rangi, na moto huusinyaza ukapotea, kwa hiyo hapa smea haipitishwi kwenye mwali kabisa. Changanya bakteria na tone la maziwa yasiyo na mafuta, tandaza, iache ikauke, paka kristali vayoleti dakika 2, halafu osha kwa mrututu wa asilimia 20. Usitumie maji. Mrututu huondoa zambarau kwenye ute na papo hapo huuachia ubuluu hafifu, wakati mwili unabaki umekolea. Kausha kwa karatasi ya kunyonya na usome siku hiyohiyo.

Flajela, mikia ya kuogelea, ina unene wa nanomita 20 hivi, mara kumi chini ya kile ambacho hadubini ya mwanga inaweza kukitenganisha. Rangi pekee haisaidii; lazima mkia unenepeshwe kwanza kwa asidi ya taniki, kitu cha ukoo mmoja na kile kilichomo ndani ya magome ya mikoko. Ni mbinu inayokataa mara nyingi kuliko inavyokubali. Kama unachotaka kujua ni iwapo bakteria anaogelea, tone bichi chini ya kioo cha kufunikia litakujibu kwa dakika moja.

Ipo rangi moja nisiyoweza kuipita. Gustav Giemsa alikuwa mfamasia katika Afrika Mashariki ya Kijerumani kati ya 1895 na 1898, kabla ya kutoa, mwaka 1904, rangi ambayo kila maabara ya malaria huku kwetu inaijua kwa jina lake. Usiiweke kwenye kabati la malaria peke yake. Homa ya papasi husababishwa na borelia, bakteria aliyejisokota ambaye Gram haimwonyeshi vizuri. Tone nene la damu lililochukuliwa homa ikiwa juu, likapakwa Giemsa kwenye maji yenye pH 7.2, humtoa akiwa uzi wa zambarau kati ya chembe za damu. Maji yenu ya bomba yenye chokaa yatakuharibia pH hiyo. Pima kabla ya kumimina.

Ukimaliza, nyonya mafuta kwa karatasi laini bila kuisugua smea, andika majibu, na uiweke slaidi ndani ya sanduku lililofungwa, mbali na jua linalofubaza fuksini. Zipange kwa mfuatano wa daftari, zenye vimelea na zisizo navyo pamoja, wala usiandike majibu juu ya kioo. Msimamizi akija kuchagua za kusomwa upya, azisome bila kujua ulichokiona wewe.